Postfix na Mailman 3: barua iingie, itoke, na iliyogonga mwamba irudi

Kuunganisha Postfix, programu ya seva inayopokea na kutuma barua pepe, na Mailman 3, programu inayoendesha orodha za barua pepe, huonekana ni kazi ya mistari mitano. Unaibandika kwenye `main.cf`, faili la usanidi la Postfix, unawasha upya, unatuma barua ya majaribio, wanachama watatu wanaipata, basi. Miezi kadhaa baadaye orodha imejaa anwani zilizokufa, seva za nje zimeanza kuitilia shaka seva yako, na wapo wanachama wanaolalamika kwamba walitolewa bila kosa lolote.

Shida ni kwamba njia ziko tatu, na watu hujaribu mbili. Ya kwanza ni barua kutoka nje kuingia kwenye orodha. Ya pili ni barua kutoka kwenye orodha kwenda kwa wanachama. Ya tatu ni taarifa za barua zilizoshindikana kurudi Mailman ili ijue nani hafikiki. Hii ya tatu ikivunjika haipigi kelele.

Nachukulia una Postfix 3, Mailman Core iko chini ya `/opt/mailman/mm`, na kikoa cha orodha ni `orodha.example.org`. Kikoa hicho kiwe cha orodha tu. Ukiweka orodha na sanduku za watu kwenye kikoa kimoja itafanya kazi, lakini kila hatua hapa chini itakuwa na "isipokuwa" yake.

Kuingia

Mailman 3 haipokei barua kwa kuitwa kutoka kwenye faili la aliases kama Mailman 2 ilivyofanya. Ina mlango wake wa LMTP, kwa kawaida poti 8024, na Postfix huikabidhi barua hapo. LMTP ni ndugu wa SMTP, ila mpokeaji hutoa jibu kwa kila anwani peke yake baada ya barua kufika. Upande wa Mailman, kwenye `mailman.cfg`:

```
[mta]
incoming: mailman.mta.postfix.LMTP
outgoing: mailman.mta.deliver.deliver
lmtp_host: 127.0.0.1
lmtp_port: 8024
smtp_host: 127.0.0.1
smtp_port: 25
configuration: python:mailman.config.postfix
```

Nimeandika 127.0.0.1, si `localhost`, makusudi. Kwenye mashine nyingi `localhost` huanza kutafsiriwa kuwa `::1`, yaani IPv6, na kama upande wa pili unasikiliza IPv4 tu, utaona "Connection refused" huku programu zote mbili ziko hai. Ni kosa dogo linalokula saa nzima.

Mailman hujiandikia mafaili ya Postfix ndani ya `var/data`. Faili la `postfix_lmtp` lina anwani za orodha na mahali pa kuzipeleka, na `postfix_domains` lina vikoa. Kila orodha inachukua anwani tisa: yake yenyewe, na zile zenye mkia wa `-bounces`, `-confirm`, `-join`, `-leave`, `-owner`, `-request`, `-subscribe` na `-unsubscribe`. Ndiyo maana kuziandika kwa mkono ni kujitafutia kazi.

Upande wa Postfix, kwenye `main.cf`:

```
recipient_delimiter = +
owner_request_special = no
transport_maps = hash:/opt/mailman/mm/var/data/postfix_lmtp
relay_domains = hash:/opt/mailman/mm/var/data/postfix_domains
relay_recipient_maps = hash:/opt/mailman/mm/var/data/postfix_lmtp
```

Kabla ya kuwasha Postfix upya, zalisha mafaili hayo kwanza, ukiwa mtumiaji wa Mailman na si root:

```
sudo -u mailman mailman aliases
```

Ukigeuza mpangilio huo, Postfix itatafuta jedwali ambalo halipo na kujibu "451 4.3.0 Temporary lookup failure". Na haitajibu hivyo kwa barua za orodha peke yake, kwa sababu `transport_maps` huulizwa kwa kila anwani inayopita. Seva nzima itasimama. Ukizalisha mafaili kama root nako kuna lake: leo kila kitu kiko sawa, ila siku ukiunda orodha mpya Mailman haitaweza kuandika juu ya mafaili ya root, na orodha hiyo itakuwa haijulikani kwa Postfix.

Mstari wa `relay_recipient_maps` hurukwa na wengi, nami nausisitiza. Ukiweka `relay_domains` peke yake, Postfix itapokea barua ya jina lolote kwenye kikoa hicho, hata `blablabla@orodha.example.org`. Kisha inatafuta pa kuipeleka, haioni kitu kwenye `transport_maps`, inauliza DNS, rekodi ya MX (inayotaja seva inayopokea barua za kikoa) inairudisha kwake mwenyewe, na inatema "mail for orodha.example.org loops back to myself". Hapo huwa imeshaikubali barua, kwa hiyo inalazimika kumwandikia mtumaji kwamba imeshindikana. Na mtumaji wa barua taka karibu kila mara ni jina la kughushi, kwa hiyo wewe ndiye unayemtupia takataka mtu asiyehusika. Ukiwa na mstari ule, jina lisilojulikana linakataliwa mlangoni kwa 550, na mzigo unabaki kwa aliyetuma. Postfix haijali kilichoandikwa upande wa kulia wa jedwali hilo. Inaangalia tu kama anwani ipo, ndiyo maana faili lile lile linatumika mara mbili.

Matokeo yake `postmaster@orodha.example.org` nayo itakataliwa, kwa kuwa si orodha. Iongeze kwenye `virtual_alias_maps` pamoja na `abuse`, ukizielekeza kwenye sanduku linalosomwa na mtu.

Kama umeamua kuweka kikoa cha orodha ndani ya `mydestination`, yaani vikoa ambavyo Postfix huvihesabu kuwa vya mashine yenyewe, basi jedwali linalohusika ni `local_recipient_maps`, na hapo kuna mtego: watu huandika faili la Mailman pekee na kufuta yaliyokuwapo. Ghafla root na watumiaji wote wa mashine wanakuwa "User unknown in local recipient table". Ya awali lazima yabaki:

```
local_recipient_maps = proxy:unix:passwd.byname $alias_maps
    hash:/opt/mailman/mm/var/data/postfix_lmtp
```

Jambo jingine la kuangalia mapema ni aina ya jedwali. Endesha `postconf -m`. Kama `hash` haimo, kwa sababu baadhi ya matoleo mapya ya Linux yameacha Berkeley DB (hifadhidata ambayo `hash` huitegemea), mpe Mailman faili lake la usanidi wa Postfix lenye `transport_file_type: regex`, kisha kwenye `main.cf` badilisha `hash:` iwe `regexp:`. Majedwali ya regexp hayahitaji `postmap`.

Halafu uliza jedwali lenyewe kabla ya kutuma chochote:

```
postmap -q tangazo@orodha.example.org \
  hash:/opt/mailman/mm/var/data/postfix_lmtp
```

Jibu linalotakiwa ni `lmtp:[127.0.0.1]:8024`.  Ukipata kimya, usihangaike na logi za Mailman; barua haijafika huko.

Mailman ikizimika kwa muda hakuna kinachopotea. Postfix huziweka barua kwenye foleni na kurudia, na kwa kawaida haikati tamaa mpaka siku 5 zipite.

Kurudi

Mailman inapotuma barua, jina lililo juu ya bahasha, yaani lile linalosemwa kwenye `MAIL FROM`, si la mwandishi. Ni `tangazo-bounces@orodha.example.org`. Seva ya mbali ikishindwa kufikisha, taarifa inarudi kwenye anwani hiyo, Mailman inaisoma na kumwekea mwanachama alama. Kwa kawaida alama zikifika 5 anasimamishiwa barua, na kwa siku huhesabiwa moja tu hata kama zimerudi ishirini. Alama husahaulika zisipoongezeka kwa siku 7.

Ugumu uko kwenye kusoma. Seva nyingine huandika taarifa za kushindikana kwa namna zao zenyewe, na nyingine hutaja anwani ambayo haimo kwenye orodha yako kabisa, kwa sababu mwanachama alielekeza barua zake kwenye sanduku jingine. Dawa yake ni VERP: kila mwanachama anapewa bahasha yenye anwani yake ndani.

```
tangazo-bounces+juma=example.com@orodha.example.org
```

Hapo hakuna haja ya kubahatisha. Taarifa ikirudi, aliyeshindikana ameandikwa kwenye anwani. Kwenye sehemu ya `[mta]` ya `mailman.cfg`:

```
verp_delivery_interval: 1
verp_personalized_deliveries: yes
verp_confirmations: yes
```

Sasa rudi kwenye mstari wa kwanza wa `main.cf`, `recipient_delimiter = +`. Bila huo, Postfix itatafuta kwenye jedwali anwani ile ndefu nzima, haitaiona, na kuikataa kwa 550. Orodha itaendelea kupokea na kutuma kama kawaida. Taarifa za kushindikana tu ndizo zitakazokuwa zinapigwa mlangoni, na kwa kuwa zimetumwa na bahasha tupu (isiyo na jina la mtumaji), hakuna anayeambiwa. Anwani zilizokufa zinarundikana, kila barua inazigonga tena, na seva kubwa za nje zinahesabu. Seva inayozidi kuwaandikia watu wasiokuwapo hufananishwa na mtuma barua taka, na kwa kweli dalili ni zile zile.

Jaribu njia hii kwa makusudi ukitumia `swaks`, programu ya kujaribu seva za barua, tena kutoka mashine nyingine, kwa sababu 127.0.0.1 inaaminiwa na huficha makosa:

```
swaks --server orodha.example.org --from '<>' \
  --to tangazo-bounces+juma=example.com@orodha.example.org
```

Jibu liwe 250, yaani imepokelewa. Ukiona 550, unajua pa kuanzia. Na kama una kanuni yoyote inayokataa bahasha tupu kwa jina la kupambana na barua taka, iondoe. Taarifa zote halali za kushindikana huja hivyo.

Gharama ya VERP ni kwamba barua moja kwa wanachama 3,000 inakuwa barua 3,000 kwenye foleni. Bila VERP, Mailman huwaunganisha wapokeaji mpaka 500 kwa mkupuo mmoja, na Postfix kwa kawaida hukubali 1,000, kwa hiyo hawagombani. Kwa orodha ya maelfu machache diski ya leo haitalalamika. Kwa orodha kubwa sana weka namba kubwa kwenye `verp_delivery_interval`, mfano 10, ili VERP itumike mara moja katika kila barua kumi.

Kutoka, na mkasa wa jina la From

Mambo ya msingi nayapitia haraka. Anwani ya IP iwe na rekodi ya PTR inayorudisha jina la seva, na jina hilo lirudi kwenye IP ile ile. `myhostname` liwe jina hilo. Kikoa cha orodha kiwe na MX na SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa; `v=spf1 mx -all` inatosha kama seva inayopokea ndiyo inayotuma. Ukianza kuongeza `include` nyingi kumbuka kikomo cha SPF ni maulizo 10 ya DNS, na ukikivuka rekodi yote inahesabika mbovu.

Kazi yenyewe ni DMARC. SPF inapima kikoa cha bahasha. DKIM inapima saini iliyobandikwa kwenye barua. DMARC inauliza swali la tatu: je, kimojawapo kati ya hivyo viwili kimefaulu kwa kikoa kile kile anachokiona msomaji kwenye From? Kwa orodha ya barua pepe, bahasha ni yako na SPF inafaulu, lakini kwa kikoa chako, si cha mwandishi. Saini ya DKIM ya mwandishi ingeweza kuokoa jahazi, ila orodha imeongeza `[Tangazo]` kwenye mada na maneno ya kujitoa mkiani. Saini haivumilii hata herufi moja. Zote mbili zimeanguka.

Mpaka 2014 hili lilikuwa jambo la nadharia. Aprili mwaka huo Yahoo ilitangaza `p=reject`, yaani kataa barua isiyofaulu DMARC, kwa kikoa chake, na AOL ikafuata mwezi huo huo. Mwanachama wa Yahoo akiandika kwenye orodha, seva za wanachama wengine zinazofuata DMARC zinaikataa barua. Na tazama kilichofuata: taarifa za kukataliwa zilirudi kwa programu ya orodha, nayo ikawawekea alama waliokataa kupokea, si aliyeandika. Mtu mmoja mwenye anwani ya kikoa hicho akiandika siku tano mfululizo, nusu ya orodha inaweza kusimamishwa bila yeyote kukosea. Ukisikia wanachama wanalalamika kwamba wametolewa kwa mkupuo, angalia kwanza nani aliandika siku hizo, kisha uliza rekodi ya kikoa chake:

```
dig +short TXT _dmarc.example.com
```

Ndani ya Mailman, kwenye mipangilio ya DMARC ya kila orodha, chagua `munge_from`. Barua itatoka na From ya orodha yenyewe, jina la mwandishi likibaki kama maandishi mbele yake, na anwani yake ikihifadhiwa kwenye Reply-To au Cc kulingana na mpangilio wa orodha. Mailman inaweza kufanya hivyo kwa waandishi ambao vikoa vyao vina `p=reject` au `p=quarantine` tu, au kwa wote bila masharti. Wapo wanaotetea ile ya kwanza kwa kuwa inawaachia wengine majina yao halisi. Mimi nachagua ya pili: barua zote zinaonekana sawa, na huhitaji kueleza kwa nini Asha anaonekana hivi na Juma vile. Njia ya `wrap_message`, inayofunga barua ya awali ndani ya nyingine kama kiambatisho, ni safi kwenye karatasi, ila programu nyingi za simu huionyesha vibaya.

Baada ya From kuwa yako, saini nayo iwe yako. OpenDKIM, programu inayobandika saini ya DKIM, inatosha. Kwanza zalisha ufunguo:

```
opendkim-genkey -b 2048 -d orodha.example.org -s orodha1
```

Ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255 ambazo kipande kimoja cha rekodi ya TXT kinaweza kubeba, kwa hiyo unagawanywa katika vipande viwili vyenye alama za nukuu ndani ya rekodi moja. Paneli nyingine za DNS hufanya hivyo zenyewe, nyingine hukata mkia kimyakimya. Hakikisha kwa `opendkim-testkey -d orodha.example.org -s orodha1 -vvv`. Kisha iunganishe OpenDKIM na Postfix kama milter, yaani programu ya pembeni ambayo Postfix huipitishia barua, kwenye `main.cf`:

```
smtpd_milters = inet:127.0.0.1:8891
non_smtpd_milters = inet:127.0.0.1:8891
milter_default_action = tempfail
```

Miongozo mingi huandika `accept` kwenye mstari wa mwisho, ili OpenDKIM ikifa barua ziendelee kwenda. Kwa seva ya orodha naona ni kinyume: barua elfu zisizo na saini zinaondoka, zinakataliwa, na alama zinaanza kuhesabiwa. Afadhali zisubiri.

OpenDKIM huweka saini kwa barua zinazotoka kwenye mashine anazoziamini tu, ambazo kwa kawaida ni 127.0.0.1. Ukiwa umeweka Mailman ndani ya kontena, barua zinatoka kwenye IP ya mtandao wa kontena. Mtandao huo lazima uwe ndani ya `mynetworks`, la sivyo utapata "Relay access denied", na ndani ya `InternalHosts`, la sivyo barua zitapita bila saini. Andika mtandao huo tu, kuweka 172.16.0.0/12 nzima ni kukaribisha wageni usiowajua. Na chochote kinachogusa mwili wa barua, kama milter ya kuongeza tahadhari za kisheria, kipite kabla ya saini.

Kama unatuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda Gmail, tangu Februari 2024 unadaiwa SPF, DKIM na DMARC vyote pamoja, malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, na barua zinazotumwa kwa waliojiandikisha ziwe na njia ya kujitoa kwa mbofyo mmoja. Kichwa cha `List-Unsubscribe` chenye anwani ya barua pepe pekee hakitoshi kwa hilo. Kinatakiwa kiungo cha https na `List-Unsubscribe-Post` pembeni yake, na saini ya DKIM ivifunike vyote viwili.

Barua taka na anwani ya -join

Chuja barua taka Postfix ikiwa bado inaongea na mtumaji, kabla ya LMTP. Ikishaingia na kusambazwa, inatoka na saini yako. Mahali panaposahaulika ni `-join` na `-subscribe`: kila barua inayofika hapo hujibiwa na ombi la kuthibitisha. Mtu akighushi jina lako na kuandika kwa orodha mia, unapata maombi mia. Kataa zilizoshindwa DMARC mlangoni, na kama orodha yako ni ya ndani tu, zima kabisa kujiunga kwa barua pepe.

Inapokwama

Fuata barua kwa utaratibu wake. `postqueue -p` inaonyesha zilizo mikononi mwa Postfix, na `qshape deferred` inaonyesha vikoa gani vinazirundika na kwa muda gani. Kama Postfix imeandika `status=sent` ikitaja `127.0.0.1:8024`, basi imeshakabidhi, nenda `var/queue`. Zilizo kwenye `out` au `retry` zinasubiri Postfix izipokee, mara nyingi kwa sababu ya milter iliyolala. Zilizo kwenye `shunt` zimeiangusha Mailman yenyewe wakati wa kuzisoma. Soma kosa kwenye `mailman.log`, lirekebishe, kisha `mailman unshunt`. Angalia tarehe kabla ya kubonyeza, maana amri hiyo huzirudisha zote kazini, na tangazo la mkutano wa mwezi uliopita litawafikia wanachama kama lilivyo.

Barua isiyoonekana popote pale pengine haijapotea: ukubwa wa kawaida unaoruhusiwa na orodha ni KB 40, wakati Postfix inaruhusu karibu MB 10. Picha moja ya simu inapita kwa Postfix na kuzuiwa na Mailman, ikimsubiri msimamizi ambaye hajawahi kufungua ukurasa wa barua zilizoshikiliwa.